Mteja Akiuliza "Mashine ya Kupimia Gari Bei Gani?", Usianze na Bei

Somo la leo ni la bidhaa moja tu: kile kifaa kinachochomekwa chini ya usukani, kinasoma data za injini na kuzirekodi. Wengine wanakiita skana, wengine mashine ya kupimia gari, mafundi wengi wanasema "mashine" basi. Mimi nauza vifaa vya magari kwa WhatsApp na Instagram. Wateja wangu wengi wako pembeni ya mji: Tandika, Yombo, Chamazi na Mbagala upande wa Temeke, Mwananyamala, Mwenge, Tegeta mpaka Bunju upande wa Kinondoni. Katika vitu vyote ninavyouza, hiki kinatoka haraka kuliko vyote. Na kikiuzwa kiholela, hiki ndicho kinachorudi haraka kuliko vyote.

Kinarudi kwa nini? Mara nyingi siyo kibovu. Kimeuzwa kwa gari ambalo hakielewani nalo, au kwa simu ambayo hakishikani nayo, au kwa mtu aliyekuwa anataka kazi nyingine kabisa. Kwa hiyo leo sikuonyeshi duka la bei rahisi Kariakoo. Nakupa maswali manne ya kumuuliza mteja kabla hujataja bei. Ukiyashika, hata kama hujawahi kufungua boneti maishani mwako, utamchagulia mtu kifaa kinachomfaa na hela itabaki kwako.

HESABU YA MZIGO UNAORUDI

Tuchukulie mfano. Umenunua kifaa kwa 20,000, unauza 35,000. Juu juu umeona faida ya 15,000. Umeandika "tunakuletea bure", boda kutoka mjini hadi Bunju akachukua 8,000. Imebaki 7,000. Kesho mteja anasema hakifanyi kazi, na wewe hutaki jina lichafuke, unamtuma boda akakichukue: 8,000 nyingine. Kwenye kifaa kimoja umeshatoa 16,000 mfukoni, umemrudishia mteja hela yake, na boksi limeshafunguliwa.

Sasa piga hesabu. Ili ufidie hiyo 16,000 kwa faida ya 7,000 kila kimoja, inabidi uuze vingine vitatu bila tatizo hata moja, ndipo uone faida ya 5,000 tu. Kwa mtu mwenye mtaji wa laki mbili, vifaa vinne vikirudi mwezi mmoja, biashara imelala.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hatulifikirii. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema mteja akikueleza kazi anayotaka bidhaa iifanye, na akategemea ujuzi wako kama muuzaji wa bidhaa hizo, bidhaa inatakiwa ifae kwa kazi hiyo. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Kwa hiyo ukiandika kwenye tangazo "INAPIMA MAGARI YOTE", hiyo siyo mbwembwe tena. Ni ahadi. Tena ni ahadi ambayo hakuna kifaa cha bei hiyo kinachoweza kuitimiza.

KIFAA KINAFANYA NINI HASA?

Gari lenye mfumo wa kisasa lina kompyuta ya injini, ile mafundi wanayoiita kontroli boksi. Kompyuta hiyo inapokea taarifa kutoka kwenye sensa: joto la maji ya injini, mizunguko ya injini kwa dakika, hewa inayoingia, mwendo wa gari, hali ya moshi unaotoka. Kwa taarifa hizo inaamua mafuta kiasi gani yaingie na plagi ipige moto saa ngapi.

Kifaa chetu kinaongea na kompyuta hiyo kupitia soketi ya pini 16 iliyo chini ya dashibodi, upande wa dereva. Kinaweza kufanya kazi tatu:

1. Kusoma namba za makosa. Taa ya cheki injini ikiwaka, kompyuta imeandika namba. Mfano P0171 maana yake mchanganyiko una hewa nyingi au mafuta kidogo. P0300 maana yake injini inamisi, na siyo silinda moja maalumu.

2. Kufuta namba hizo na kuzima taa.

3. Kuonyesha data injini ikiwa inafanya kazi, na kuzirekodi ili zisomwe baadaye.

Wauzaji wengi tunatangaza kazi ya kwanza na ya pili. Ya tatu tunaiacha, na ndiyo yenye thamani kubwa. Ngoja nikuonyeshe.

Nina mteja wa Tegeta, anabeba abiria kwa IST. Gari lilikuwa linachemsha kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo jioni. Akilipeleka gereji asubuhi, linapoa, halina shida, taa haijawaka, hakuna namba ya kosa. Ameshabadilishiwa kifuniko cha rejeta, ameshabadilishiwa thamostati. Kila siku gari likisimama, hesabu ya tajiri inamsubiri palepale. Nikamuuzia kifaa kinachorekodi, nikamwambia aweke vitu vitatu tu: joto la maji, mwendo wa gari na mizunguko ya injini, awashe kurekodi kabla ya kuondoka, asiguse simu akiwa barabarani.

Jioni rekodi ilionyesha kila kitu. Gari likitembea, joto liko kwenye 90. Likisimama foleni, linapanda hadi 108. Likianza kutembea tena, linashuka. Fundi alipoiona hakuuliza mara mbili. Gari likitembea, upepo unapoza rejeta wenyewe. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni. Akaenda moja kwa moja kwenye feni, akakuta rilei yake inashika na kuachia. Kama joto lingekuwa linapanda kwenye mwendo mkubwa na siyo foleni, angeanza kwingine: rejeta kuziba au maji kutozunguka vizuri.

Hiyo ndiyo bidhaa unayouza, ndugu yangu. Kifaa kinakaa na gari muda ule ambao fundi hayupo, kikaona ugonjwa unaojificha gereji. Ukielewa hilo, maswali yafuatayo yatakuja yenyewe.

SWALI LA 1: GARI GANI, LA MWAKA GANI, LILITENGENEZWA KWA SOKO LA NCHI GANI?

Hapa ndipo mizigo mingi inaporudia, kwa sababu magari yetu mengi yametumika Japani kabla ya kuja huku.

Mfumo wa pamoja wa kupima magari unaitwa OBD2. Marekani waliulazimisha kwa magari yote madogo kuanzia toleo la mwaka 1996. Ulaya wakaja na wa kwao unaofanana nao, magari ya petroli mwaka 2001, ya dizeli mwaka 2004. Japani walikuwa na njia yao, na sharti lao la mfumo wa kina lilianza kwa magari mapya ya kuanzia Oktoba 2008.

Sasa angalia. IST ya kwanza ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002. Noah ya zamani, Carina, Spacio, Vitz za mwanzo, zote ziko kabla ya 2008. Nyingi zina soketi ya pini 16, ukiziona unasema "hii inaingia". Inaingia, ndiyo. Lakini kuingia siyo kuelewana. Ni kama watu wawili wamepeana mikono, mmoja anaongea Kihehe na mwenzake Kimakonde. Magari mengine ya kundi hili yanaongea na kifaa cha kawaida bila shida. Mengine yanahitaji mpangilio maalumu ndani ya programu ya simu. Mengine yanakataa kabisa, na yanataka mashine inayojua lugha ya kampuni iliyolitengeneza gari.

Utajuaje ukiwa umekaa nyumbani na simu yako? Mwombe mteja vitu vitatu:

Kwanza, mwaka wa kutengenezwa kutoka kwenye kadi ya gari. Usiangalie namba ya gari. Namba inayoanza na T ikaishia na herufi za D au E inakwambia lilisajiliwa lini Tanzania, haikwambii lilitengenezwa lini. Gari lenye namba mpya kabisa linaweza kuwa la 2004.

Pili, namba ya chesisi. Huhitaji namba nzima, na usiiweke hadharani. Uliza tu ikoje. Kama ni fupi, ina herufi na tarakimu chache, halafu kistari, halafu tarakimu saba, mfano inaanza na NCP60 kisha kistari, gari hilo lilitengenezwa kwa soko la ndani la Japani. Kama ni ndefu ya herufi na tarakimu 17 bila kistari, lilitengenezwa kwa soko la nchi nyingine, na nafasi ya kuelewana na kifaa cha kawaida ni kubwa zaidi.

Tatu, picha ya soketi kwa karibu, ikiwa na mwanga. Hesabu pini juu kushoto kwenda kulia, 1 mpaka 8, chini 9 mpaka 16. Pini ya 16 ni umeme wa betri, ya 4 na ya 5 ni hasi. Ukiona chuma kwenye nafasi ya 6 na ya 14, gari lina njia ya mawasiliano ya kisasa, mara nyingi kazi ni rahisi. Ukiona ya 7 tu bila 6 na 14, hiyo ni njia ya zamani, ya polepole. Hapo usiahidi mpaka umejaribu.

Na kuna magari ya kuyakataa mapema:

Hiace ya dizeli yenye injini ya 3L. Pampu yake ni ya kimakanika, hakuna kompyuta ya mafuta ya kuongea nayo.

Bajaji na pikipiki nyingi za hapa kwetu, zinatumia kabureta.

Malori. Wateja wa Temeke, hasa kuanzia Kurasini kwenda Mbagala, watakuuliza sana kuhusu Fuso na Scania. Malori mengi yanatumia umeme wa volti 24, na vifaa vingi vya bei ndogo vimetengenezwa kwa gari la volti 12. Hata soketi ikifanana, usithubutu. Kifaa kinaweza kuungua, na lawama zitakuwa zako. Lori lina mashine zake.

SWALI LA 2: UNATUMIA SIMU GANI?

Swali hili ni la sekunde mbili, na linaokoa safari ya boda.

Vifaa vidogo vya bei nafuu viko vya Bluetooth ya kawaida, vya Bluetooth ya kizazi kipya inayotumia umeme kidogo, na vya Wi-Fi. Mwenye Android, vyote vitatu kwa kawaida vinamfaa. Mwenye iPhone, vile vya Bluetooth ya kawaida havimfai, hata kama simu ni ya bei gani. Atahangaika kukitafuta kwenye mipangilio na hatakipata. Mpe cha Wi-Fi au cha Bluetooth ya kizazi kipya ambacho boksi lake linataja iPhone.

Mteja wa Wi-Fi mwambie mapema: simu ikishika kifaa, intaneti ya Wi-Fi haitakuwepo, na simu nyingine zitalalamika "hakuna intaneti". Siyo ubovu. Mteja wa Bluetooth mwambie namba ya siri mara nyingi ni 1234 au 0000. Yaandike haya kwenye karatasi ndogo, uiweke ndani ya boksi. Karatasi hiyo inapunguza simu za saa nne usiku.

Programu nazo mtajie mapema. Torque na Car Scanner zinajulikana sana, na zote zinarekodi. Kwa magari ya soko la Japani, Car Scanner ina orodha ya mipangilio ya aina za magari. Mteja achague ya gari lake badala ya kuacha ile ya jumla. Mara nyingi hapo ndipo gari "lililokataa" linapokubali.

SWALI LA 3: UNATAKA KUFANYA KAZI GANI?

Mteja hatajibu kitaalamu. Atasema "nataka kujua gari langu lina shida gani". Wewe msaidie kwa kumpa machaguo:

A. Anataka kujua taa ya cheki injini imewaka kwa nini. Kifaa kidogo cha simu kinamtosha, kama Swali la 1 limejibika vizuri.

B. Gari lina tatizo linalokuja na kuondoka: linachemsha foleni, linamisi likipanda mlima, linakula mafuta bila sababu, linazima likiwa la moto. Huyu anahitaji kurekodi. Kifaa cha simu kinaweza, ila mfundishe kuchagua vitu vichache. Kwenye gari la njia ya zamani, kifaa kinapata majibu machache kwa sekunde. Akichagua vitu 20 kwa pamoja, kila kimoja kitasomwa kwa kuchelewa na tukio la nusu sekunde litapita bila kuonekana. Vitu vinne au vitano vinatosha.

C. Anataka kupima breki za ABS, mifuko ya hewa, giaboksi, au kutengeneza funguo. Kifaa kidogo cha kawaida kinaongea na injini, basi. Huyu anahitaji mashine kubwa ya mkononi au ya tableti, za kampuni kama Launch au Autel, na hata hizo zinatofautiana kwa toleo. Usimpe kifaa kidogo ukitegemea bahati.

D. Anataka kuacha kifaa kwenye gari muda wote, afuatilie gari lake la biashara. Mwambie ukweli: kifaa kikikaa kwenye soketi kinaendelea kunywa umeme wa betri. Gari la kila siku halitaona shida. Gari linalolala wiki nzima uani linaweza kugoma kuwaka. Kama anataka kujua gari liko wapi, anachotaka ni kifaa cha GPS, siyo hiki.

E. Anataka kuzima taa ili auze gari. Utakutana naye, na mara nyingi ana haraka na hapunguzi bei. Mimi namjibu hivi: kifaa kinafuta taa, hakitibu ugonjwa. Ukifuta, kompyuta inaanza upya ukaguzi wake wa ndani, na mnunuzi mwenye kifaa kama hiki ataona ukaguzi haujakamilika, atajua taa imefutwa juzi. Halafu tatizo likiwa bado lipo, taa itarudi. Ukimuuzia, muuzie kama unavyomuuzia mtu yeyote, lakini usiweke kwenye tangazo lako "zima taa uuze gari". Kesho mnunuzi wa gari hilo ni mteja wako.

SWALI LA 4: NANI ATASOMA MAJIBU?

Hili swali wengi hawaulizi. Mwenye gari ambaye hana ujuzi atarekodi, atapata mistari inayopanda na kushuka, halafu? Ataona amepoteza hela.

Muulize kama ana fundi anayemwamini, na huyo fundi anasoma data au anasikiliza mlio tu. Kama anasoma, rekodi inaweza kutolewa kwenye programu kama faili na kutumwa WhatsApp. Mteja yuko Chamazi, fundi yuko Mwananyamala, wote wanaangalia safari ileile.

Wewe mwenyewe jifunze kusoma mambo mawili tu, yatakupa heshima. La kwanza ni joto, nimeshalieleza. La pili ni marekebisho ya mafuta, ambayo programu inaonyesha kwa asilimia. Yakiwa karibu na sifuri, injini iko sawa. Yakiwa juu sana upande wa kuongeza, mfano 20, kompyuta inaongeza mafuta kwa nguvu kwa sababu inaona hewa imezidi. Kama yako juu gari likiwa sailensa na yanashuka ukikanyaga mafuta, kuna uwezekano hewa inavuja kuingia mahali ambapo haitakiwi. Kama yanapanda kadiri injini inavyobeba mzigo, fundi aangalie pampu ya mafuta na chujio. Usitoe hukumu, sema tu "mwonyeshe fundi hapa". Mteja akiona unajua mpaka hapo, habishani tena bei.

Kwa fundi anayetaka kuanza kutoza hela ya kupima, ushauri ni tofauti. Kijana mmoja wa Mbagala, fundi umeme, aliniandikia akiwa na hela aliyokopa kwenye kikoba. Alitaka kifaa cha bei ndogo aanze kazi Jumatatu. Nikamuuliza magari yanayoingia gereji kwake. Akasema Noah za zamani, Carina, Kirikuu, mara mojamoja Fuso. Nikamwambia: "Kaka, kwa magari hayo, hiki kitakuaibisha mbele ya wateja. Deni la kikoba linahesabu wiki, halisubiri. Ongeza hela kidogokidogo, chukua mashine ya mkononi inayojua lugha za Toyota na Suzuki za soko la Japani, na kabla hujalipa tukaijaribu kwenye Noah iliyopo gereji kwako." Siku ile sikuuza kitu. Baada ya miezi miwili alirudi na hela kamili, tukajaribu, ikashika, akalipa. Tangu hapo ameshaniletea mafundi wawili. Deni la watu lilikuwa mezani, na neno "hapana" ndilo lililoleta biashara.

KABLA HUJAJAZA STOO

Vifaa vingi vidogo vimeandikwa ELM327. Hilo ni jina la chipu iliyobuniwa na kampuni ya Kanada, ELM Electronics, ambayo ilifunga biashara mwaka 2022. Toleo lake la mwanzo halikuwa na kinga ya kunakiliwa, ndiyo maana soko limejaa nakala. Nakala siyo lazima iwe mbovu, lakini namba ya toleo iliyoandikwa kwenye boksi, 1.5 au 2.1, haikuhakikishii chochote. Nakala nyingine zimeachwa bila uwezo wa kuongea kwa ile njia ya zamani ya pini ya 7, na hiyo ndiyo njia ya magari yetu mengi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kuchukua vifaa 20, chukua viwili. Vijaribu kwenye magari matatu ya majirani: moja la soko la Japani la kabla ya 2008, moja la baada ya hapo, na moja la Ulaya kama BMW au Volkswagen. Andika kwenye daftari: gari, mwaka, injini, simu, programu, kimeshika au kimekataa, kimerekodi dakika kumi bila kukatika au kimekatika. Kikifaulu, rudi dukani kwa muuzaji yuleyule, na mzigo mpya nao jaribu kimoja, kwa sababu boksi linaweza kufanana na ndani kukawa kwingine.

Daftari hilo ni mtaji. Baada ya miezi michache utamwambia mteja, "Bosi, Spacio kama yako nimeshaijaribu, imeshika kwa mpangilio huu." Hakuna tangazo la kulipia linaloshinda sentensi hiyo.

MANENO YA KUNAKILI

Mteja akiuliza bei, mjibu hivi:

"Karibu sana bosi. Ninavyo vya aina tofauti, nisije nikakupa kisichoingiliana na gari lako. Naomba nijue: 1) gari gani na mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi, 2) simu ni Android au iPhone, 3) unataka kusoma taa iliyowaka, kufuatilia tatizo linalokuja na kuondoka, au kupima ABS na mifuko ya hewa, 4) una fundi wa kusoma majibu? Ukiweza nitumie na picha ya soketi chini ya usukani. Nikishaona nakutajia kinachokufaa na bei yake."

Kama mteja ni mama au mzee, anza na shikamoo, punguza maneno, mpigie simu. Wengine hawapendi kuulizwa maswali manne kwa maandishi, lakini kwa sauti wanaeleza mpaka historia ya gari.

Na kwenye tangazo, futa "INAPIMA MAGARI YOTE". Andika: "Tuambie gari lako, tukuchagulie. Lisiposhika kwenye gari tulilokubaliana, tunakurudishia hela." Ahadi hii haitakufilisi, kwa sababu umeshauliza.

KAZI YA WIKI HII

Chukua magari matano ya ndugu na majirani. Kwa kila moja andika mwaka wa kadi, namna chesisi inavyoanza, na pini zilizopo kwenye soketi. Halafu, kabla hujachomeka chochote, andika unavyodhani: litashika au litakataa. Kisha jaribu. Utakapopatia manne kati ya matano, uko tayari kumjibu mteja wa kesho asubuhi atakayekuandikia, "Mashine ya kupimia gari bei gani?"